Rangi ya Nyumba Kando ya Msitu: Jinsi ya Kupanga Malipo ya Fundi Kwa Awamu

Somo la leo ni la wenye nyumba, hasa nyinyi mnaoishi zile sehemu za Nairobi ambako miti ni mingi kuliko mabati: Karen, Lang'ata, na kuelekea Ngong. Pia ni la mafundi wa rangi wanaofanya kazi huko, kwa sababu pesa ikipotea kati ya mwenye nyumba na fundi, mara nyingi wote wawili hulia.

Tutajifunza jambo moja: ratiba ya malipo ndiyo inayoamua rangi itadumu kiasi gani. Unaweza kununua rangi ya bei ghali kabisa, lakini ukilipa vibaya, mvua za Aprili zitaiondoa ukutani. Tuone ni kwa nini, halafu tupange malipo hatua kwa hatua.

## Kwa nini nyumba ya karibu na msitu ni tofauti

Nyumba ya mjini katikati hupata jua na upepo. Nyumba iliyo chini ya miti mikubwa, karibu na Msitu wa Ngong Road ama ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, ina maisha mengine:

- Kivuli. Upande wa nyumba usiopata jua hukaa na unyevu. Baada ya msimu mmoja wa mvua unaona utando wa kijani ukipanda ukutani, na kuvu nyeusi chini ya paa.
- Majani. Gata hujaa majani, maji yanafurika na kuteremka ukutani badala ya kwenda kwenye tangi. Ule mstari mchafu unaouona chini ya gata si kosa la rangi. Ni kosa la gata.
- Udongo. Mvua ikipiga udongo mwekundu wa bustani, matone huruka na kupaka ukuta matope sehemu ya chini yote.
- Mchwa na wadudu. Mbao za pembeni mwa paa huliwa kwa ndani huku nje rangi ikionekana nzuri.
- Wageni wa msituni. Tumbili wakiona kopo liko wazi, watalichunguza. Funika rangi kila fundi anapoenda kula.

Yote haya yana maana moja kwa mfuko wako. Kwenye nyumba kama hii, sehemu kubwa ya kazi ni matayarisho: kuosha, kukwangua, kuua kuvu, kuziba nyufa, na kungoja ukuta ukauke. Na matayarisho ndiyo kazi ambayo haionekani tena rangi ikishapakwa. Fundi aliyekwangua vizuri na fundi aliyepaka juu ya kuvu wote watakuonyesha ukuta mweupe unaong'aa siku ya mwisho. Tofauti utaiona miezi sita baadaye, rangi ikianza kuvimba kama malengelenge na kubanduka.

Kwa hivyo ukilipa kwa kuangalia ukuta wa mwisho peke yake, umelipia kitu usichokiona. Lazima pesa itembee pamoja na kazi.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kuuliza bei

Usimuulize fundi "ni pesa ngapi?" kabla hujajua ukubwa wa kazi. Chukua futi kamba na daftari.

Tuseme nyumba yako ni ya ghorofa moja. Ukizunguka kuta za nje unapata mita 50, na urefu wa kwenda juu ni mita 3. Hiyo ni mita za mraba 150. Toa milango na madirisha, tuseme 25. Unabaki na 125.

Lita moja ya rangi ya maji kwenye plasta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili unahitaji lita 25 hivi. Ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4 zinatosha, na kidogo kinabaki cha kurekebisha baadaye. Kama ukuta wako una plasta ya kukwaruza, itakula rangi zaidi. Mwambie fundi akueleze ni zaidi kiasi gani, na kwa nini.

Hesabu hii ya dakika kumi inakulinda. Ukiambiwa nyumba hiyo hiyo inahitaji ndoo nne, utajua kuna swali la kuuliza, na utaliuliza kwa heshima, ukiwa na namba mkononi.

## Hatua ya 2: Tenga pesa ya vifaa na pesa ya leba

Hapa ndipo watu wengi huumia. Fundi anasema, "Boss, nitumie tu elfu hamsini ya kuanzia, nitapanga kila kitu." Pesa ikishaingia kwenye simu yake, imechanganyika na kodi yake ya nyumba, karo ya mtoto na deni la dukani. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Lakini siku ya kununua rangi, elfu kumi haipo, na rangi inayonunuliwa ni ile ya bei ya chini.

Suluhisho ni rahisi:

Vifaa: lipa dukani moja kwa moja. Fundi akupe orodha. Wewe mpigie mwenye duka la hadiwea, mkubaliane bei, halafu ulipe kwa namba ya til ya duka. Jina la duka litatokea kwenye simu kabla hujakamilisha malipo. Kama umeambiwa ni duka na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo, piga simu uulize. Fundi ataenda kuchukua mzigo akiwa na risiti.

Leba: lipa fundi mkuu, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lake. "Tuma kwa namba ya shemeji, yangu ina shida" si jibu zuri. Siku mkikosana, itakuwa vigumu kuonyesha kwamba pesa iliyoenda kwa shemeji ililipia rangi.

Ukiwa dukani, ama ukipigiwa kutoka dukani, angalia pia alama ya ubora ya KEBS kwenye kopo. Chini ya alama hiyo kuna namba ya kibali. Andika SM#, ikifuatwa na hiyo namba, tuma kwa 20023, utajibiwa kama kibali ni halali na ni cha bidhaa gani. Mwambie fundi akupigie picha ya kopo likiwa bado limefungwa. Rangi bandia hupakika vizuri tu siku ya kwanza. Mvua ndiyo inayoitambua.

## Hatua ya 3: Gawa malipo kulingana na kazi inayoonekana

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, za kwako zitategemea nyumba na fundi. Tuseme vifaa ni KSh 52,000 na leba ni KSh 40,000. Jumla ni 92,000.

Vifaa, malipo mawili kwa til ya duka:

1. KSh 15,000 mwanzoni: msasa, brashi ya waya, fila, dawa ya kuua kuvu, rangi ya kwanza ya kushikilia, tepu na nailoni ya kufunika madirisha.
2. KSh 37,000 baada ya matayarisho kukaguliwa: rangi yenyewe ya mwisho.

Angalia vizuri hapo. Rangi ya mwisho hainunuliwi mpaka ukuta uwe tayari. Kopo la rangi likiwa limekaa kando, kila mtu anatamani kuanza kupaka. Kama halipo, hakuna anayeweza kuruka hatua.

Leba, malipo manne kwa fundi:

1. KSh 6,000: fundi amefika na watu wake, vifaa viko kwenye nyumba, ngazi na jukwaa vimesimama. Hii ni ya nauli na chakula cha siku za kwanza.
2. KSh 12,000: matayarisho yamekwisha pande zote nne na umeyakagua.
3. KSh 14,000: mkono wa mwisho wa rangi umekauka.
4. KSh 8,000: usafi umefanywa, dosari zimerekebishwa, na siku saba zimepita.

Kwa nini tusibakize nusu nzima mpaka mwisho? Kwa sababu fundi ana vijana wanaongoja malipo ya Jumamosi. Ukimbana sana, atawalipa kwa kukopa, ama atachukua kibarua kingine Kikuyu ili apate ya kula, na kazi yako itasimama jukwaa likiwa limeegemea ukuta. Fundi aliyelipwa kwa wakati hana sababu ya kuharakisha. Na kwenye ukuta wenye unyevu, haraka ndiyo adui mkubwa.

## Hatua ya 4: Kagua awamu ya pili kama mtu anayenunua gari

Awamu ya pili ndiyo moyo wa somo hili. Usitume ile 12,000 kabla ya majaribio haya manne. Yote ni ya bure, na kama uko kazini fundi ama mlinzi anaweza kukutumia video.

Jaribio la mkono. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, ukuta bado haujasafishwa vya kutosha. Rangi mpya itashika ule unga, si ukuta.

Jaribio la tepu. Bandika tepu juu ya rangi ya zamani iliyoachwa, ikandamize, halafu ivute kwa nguvu. Ikitoka na vipande vya rangi, kukwangua hakujaisha.

Jaribio la nailoni. Kata kipande cha nailoni ya kuonyesha, bandika ukutani upande wenye kivuli, uzibe kingo zote kwa tepu. Acha usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone ya maji nyuma yake, ukuta haujakauka. Ngojeni. Kuongeza siku mbili ni nafuu kuliko kurudia nyumba nzima.

Jaribio la bisibisi. Dunga polepole mbao za pembeni mwa paa. Ikizama kama kwenye mkate, hiyo ni kazi ya mchwa ama maji. Badilisha ubao kwanza.

Katika awamu hii hii hakikisha gata zimetolewa majani, na maua yaliyopandwa kugusana na ukuta yamesogezwa. Wengi huweka ukanda wa kokoto chini ya ukuta ili mvua isirushe udongo, na kupaka sehemu ya chini rangi nyeusi ama ya kahawia ili matope yasionekane haraka. Ni pesa kidogo na inasaidia sana.

Kama nyumba ni ya zamani sana, tahadhari. Rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake linadhuru zaidi watoto wadogo. Lowesheni ukuta kabla ya kupiga msasa, fundi avae barakoa, na watoto wakae mbali mpaka vumbi lifagiliwe na kufungwa kwenye mfuko.

## Hatua ya 5: Acha kila malipo yajieleze

Meseji ya malipo inaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Haionyeshi ni ya kazi gani. Hiyo sehemu uijaze wewe. Kila ukilipa, tuma meseji fupi kama hii:

*"Fundi, hiyo 12,000 ni awamu ya 2, matayarisho pande zote 4. Jumla ya leba ni 40,000, nimelipa 18,000, imebaki 22,000."*

Naye ajibu: *"Nimepokea 12,000 awamu ya 2. Imebaki 22,000. Asante boss."*

Huo ni mkataba, hata kama hamkuenda kwa wakili. Usifute meseji hizo, na weka picha za kila awamu kwenye folda moja. Mkikosana na msielewane, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya hadi KSh 1,000,000 na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Unachohitaji ni ushahidi, na ushahidi wenyewe uko kwenye simu yako. Fundi, hili ni lako pia: mwenye nyumba akikataa kumaliza malipo, meseji hizo hizo zinakutetea.

## Jambo ambalo tunaomba usifanye

Kila mtandao wa pesa una njia ya kurudisha pesa iliyotumwa kimakosa. Kwa M-PESA, kwa mfano, unasambaza ile meseji ya malipo kwa 456. Huduma hii ni ya aliyebonyeza namba isiyo sahihi. Si ya kusuluhisha ugomvi wa kazi.

Kuna watu humlipa fundi jioni, akishafika nyumbani kwake wanaomba pesa irudishwe, wakidai walikosea namba. Kazi imefanyika, jasho limetoka, mtoto ameahidiwa unga. Huo ni wizi, hata kama umefanywa kwa kubonyeza vitufe. Kama hujaridhika na kazi, tumia ile 8,000 uliyobakiza. Ndiyo kazi yake.

Na kwa fundi: ukipata meseji ya malipo, angalia salio lako kabla ya kuondoka. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio halidanganyi.

## Msimu nao una sauti

Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa kuta za nje, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi. Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi, lakini upande wa Karen baridi na ukungu wa asubuhi huchelewesha rangi kukauka. Mafundi waanze kupaka jua likishatoka vizuri, na waache mapema jioni kabla umande haujashuka.

Hii inakupa nafasi nzuri ya kuweka akiba. Ukitaka kupaka Januari na unahitaji KSh 92,000, anza kuweka Julai. Ni miezi sita, takriban KSh 15,400 kwa mwezi. Fungua mfuko wa akiba kwenye simu, uupe jina "Rangi", na usiuguse. Mtu anayeanza kazi akiwa na nusu ya pesa huishia kumlipa fundi kwa ahadi, na ukuta haupakwi kwa ahadi.

## Siku ya mwisho

Kabla ya kutuma malipo ya mwisho, zunguka nyumba asubuhi jua likiwa upande mmoja, na jioni likiwa upande mwingine. Mwanga wa pembeni huonyesha mistari ya rola ambayo haionekani saa sita mchana. Hesabu makopo matupu uone kama yanalingana na risiti ya duka. Rangi iliyobaki ifungwe vizuri, iandikwe jina na namba ya rangi, na ibaki kwako. Maji ya kuoshea brashi yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Huko kwenu mitaro mingi huishia Mto Mbagathi, na ng'ambo ya pili kuna wanaokunywa hayo maji, watu na wanyama.

Halafu tuma ile 8,000, na ukiweza, uongeze neno la shukrani. Fundi mzuri wa nyumba za msituni si rahisi kumpata, na mwaka ujao utamhitaji tena kwa lango.

## Zoezi la wiki hii

1. Pima kuta za nje za nyumba yako na uandike mita za mraba.
2. Fanya jaribio la nailoni upande wenye kivuli usiku wa leo.
3. Andika awamu zako nne za leba, kila moja ikiwa na kitu unachoweza kukiona ama kukigusa.
4. Mtumie fundi wako hiyo ratiba kabla hamjazungumza bei. Akikubali kwa urahisi, hiyo ni dalili njema. Akiwa na marekebisho, msikilize: yeye ndiye anayejua vijana wake wanalipwa lini.

Na kama kawaida, usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, awe fundi, mwenye duka, ama mtu anayejiita mhudumu wetu. Sisi hatutaiuliza kamwe.